Nani Aliyempa Mhusika Jina Lake?

Sherwood Schwartz, alipokuwa akiandaa Gilligan's Island iliyoanza kurushwa mwaka 1964, alilipata jina la Gilligan kwa kufunua kitabu cha namba za simu. Miaka arobaini baadaye, waliobuni House walishika njia nyingine kabisa. Daktari wao walimwita Gregory House, wakampa rafiki aitwaye Wilson na nyumba namba 221B, kisha wakamwachia mtazamaji anayewajua Sherlock Holmes na Watson agundue mwenyewe.

Ubishi kati ya njia hizo mbili haujaisha. Wanaookota majina wanasema wazazi hawajui mtoto wao atakuja kuwa nani, kwa hiyo jina linalolingana mno na tabia ya mtu mzima linanuka kalamu. Wanaoyasuka wanajibu kwamba mhusika wa televisheni ana dakika chache tu za kujitambulisha kabla mtazamaji hajabadilisha chaneli, na jina lisilosema kitu ni nafasi iliyomwagwa bure. Kila upande una haki yake. Lakini naona ubishi huo unalainika mara moja ukiuliza swali lililo karibu zaidi na kazi: ndani ya hadithi yenyewe, nani alimpa mtu huyu jina? Wazazi? Mtaa? Jeshi? Au alijipa mwenyewe?

Breaking Bad (2008–2013) inalijibu swali hilo vizuri kuliko tamthilia nyingi. Wakili wake anaitwa Saul Goodman, jina ambalo likitamkwa haraka kwa Kiingereza linasikika kama mtu anayekuambia usiwe na wasiwasi, mambo yote shwari. Lingekuwa jina la kuzaliwa, lingeudhi. Lakini mtu huyu alizaliwa Jimmy McGill, na hilo la Goodman alilichagua mwenyewe kama mfanyabiashara anavyochagua maneno ya bango lake. Walter White naye, wazazi walimpa jina lisilo na kishindo chochote. Alipoingia katika dawa za kulevya akajiita Heisenberg, kwa jina la mwanafizikia Mjerumani Werner Heisenberg, na hapo ndipo kiburi cha mwalimu wa kemia aliyedharauliwa kilipojitokeza chenyewe. Hata mwanawe, aliyeitwa Walter kama baba, anafika umri wa kutaka marafiki wamwite Flynn. Katika Mad Men, Don Draper alizaliwa Dick Whitman na jina analotumia ni la mwanajeshi aliyekufa vitani Korea. Majina haya yote yamebeba maana nzito, na hakuna anayelalamika, kwa sababu maana hiyo ni ya mtu aliyelichagua jina, naye yumo ndani ya hadithi.

Linganisha na Lost (2004–2010), iliyojaza kisiwa kimoja watu wenye majina ya wanafalsafa: John Locke, Rousseau, Hume. Faida ilionekana haraka. Kati ya sehemu moja na ya wiki inayofuata, watazamaji walikuwa na la kupekua na kujadiliana. Hasara ni kwamba jina kama hilo ni deni. Anayemwita mtu John Locke ameahidi kwamba falsafa ya Locke itakuja kuwa na uzito, na kila msimu unaopita bila malipo mtazamaji anazidi kuhisi amechezewa. Waandishi wenyewe nadhani walilihisi hilo. Baadaye, Locke alipohitaji jina la bandia, mtu mwenye mamlaka juu yake alimwita Jeremy Bentham, akaongeza kwamba kama wazazi wake walifanya mzaha walipompa jina, naye ana ruhusa ya kufanya wake. Kwa sentensi hiyo moja mzaha ulihamishwa kutoka meza ya waandishi ukakabidhiwa wazazi na mtu huyo. Lilikuwa jambo la busara, ingawa lilichelewa.

Vichekesho vina ruhusa pana zaidi. Katika Blackadder Goes Forth (1989), afisa mmoja mwenye roho ngumu alikuwa aitwe Cartwright hadi mwigizaji Stephen Fry alipopendekeza aitwe Darling. Kuanzia hapo kila anayemwita kwa cheo na jina anasikika kama anambembeleza mpenzi, na mwigizaji akapata hasira ya kubeba katika kila onyesho. Joss Whedon, aliyebuni Buffy the Vampire Slayer, alimwita muuaji wake wa mazimwi Buffy kwa sababu lilikuwa jina gumu kuliko yote kulichukulia kwa uzito. Wazazi wa msichana wa aina ile wangeweza kabisa kumwita hivyo. Kichekesho ni chetu tunaojua atakavyokuja kuishi, wala wao hawakukusudia chochote.

Basi jina la kuzaliwa linarudi kwa wazazi, na wazazi wana mwaka. Hapa ndipo waandishi wengi wanapoteleza, kwa sababu kila mtu huona majina ya rika lake kuwa ya kawaida. Mwandishi wa miaka arobaini na tano humpa msichana wa miaka kumi na sita jina la mwanafunzi aliyeketi naye darasani, na msichana huyo anazaliwa mzee. Kwa hadithi za Marekani dawa ipo wazi: Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii huchapisha majina ya watoto kila mwaka, kuanzia waliozaliwa 1880, na huacha tu yale waliyopewa watoto pungufu ya watano kwa mwaka. Linda liliongoza kwa wasichana kati ya 1947 na 1952, Jennifer kati ya 1970 na 1984. Kwa Uingereza na Wales takwimu za namna hiyo hutolewa na ofisi ya taifa ya takwimu.

Kazi yenyewe ni fupi. Chukua mwaka ambao hadithi inatokea, wala si mwaka unaoandika, utoe umri wa mhusika. Fungua orodha ya mwaka uliobaki. Ruka majina kumi na tano au ishirini ya juu, maana hayo ndiyo kila mwandishi mwenzako ameshayachukua, utafute kati ya nafasi ya ishirini na ya mia na hamsini. Kisha waulize wazazi unaowabuni: wana dini gani, wana fedha kiasi gani, huyu ni mtoto wa kwanza au wa nne? Wa kwanza mara nyingi hubeba jina la babu au bibi, na kwa hiyo jina lililopitwa na miaka hamsini linaweza kuwa sahihi kabisa kwake. Msichana wa leo aitwaye Linda anahitaji bibi, na bibi huyo akishakuwepo amekupa onyesho zima ambalo hukulipangia.

Upande wa pili una hoja ambayo takwimu haziifuti. Ukimpa kila mhusika jina lililo sahihi kwa mwaka wake, unapata kundi la watu wa wastani. Katika maisha halisi kila darasa lina mtoto mmoja mwenye jina la ajabu. Kwa hiyo ruhusu moja katika kundi, lakini lazima hadithi ijue ajabu hiyo. Chris Carter, alipobuni The X-Files (1993), alimpa mpelelezi wake jina la Fox kutoka kwa rafiki wa utotoni, na Mulder kutoka kwa ukoo wa mama yake mwenyewe. Mwenzake Scully alitokana na mtangazaji wa besiboli Vin Scully. Fox, yaani mbweha, ni jina la kushangaza kwa mtumishi wa serikali, na tamthilia haikujifanya haioni: mhusika mwenyewe anasema aliwalazimisha hata wazazi wake wamwite Mulder. Maneno machache tu, na jina lililoelekea kuwa kasoro likageuka kuwa habari juu ya nyumba aliyokulia.

Hatari inaongezeka mwandishi anapotoa jina kwa jamii asiyoijua. Star Trek imeacha mifano ya namna mbalimbali. Uhura, aliyeonekana kwanza mwaka 1966, alipata jina lake kwa kubadilishwa irabu ya mwisho ya neno letu la uhuru. Hakuna ukoo unaodaiwa, kwa hiyo hakuna uongo, na msikilizaji wa Kiswahili anapata zawadi ambayo Mmarekani wa wakati ule hakuipata. Mwaka uliofuata akaja Khan Noonien Singh, jina linalounganisha Khan na Singh, majina yanayotoka katika mila mbili tofauti na yasiyokutana kirahisi katika familia moja. Linasikika vizuri sana, nalo limedumu. Lakini anayetoka huko hujua papo hapo kwamba hakuna mzazi aliyelitoa.

Makosa ya aina hiyo yana sura zinazojirudia. Mwanamke wa Kirusi anapewa jina la ukoo bila kiambishi cha kike. Mwanamke wa Kisikh anaitwa Singh mahali pa Kaur. Kaka na dada wa Iceland wanapewa jina moja la ukoo, ilhali kwa desturi mmoja angekuwa mwana wa baba na mwingine binti wa baba. Mchina anawekwa jina la ukoo mwishoni nyumbani kwa wazazi wake mwenyewe. Orodha za majina zilizopo mtandaoni ndizo zinazoyazaa makosa haya, maana zinakupa jina la kwanza na la mwisho bila kukwambia kama yanaendana. Mtu mmoja aliyelelewa katika jamii hiyo anatosha kuyazuia yote kwa kujibu mambo matatu: nani hutoa jina, majina hufuatana vipi, na nyumbani mtu huyu angeitwaje.

Kuna jambo ambalo waandishi wanaotoka katika riwaya huchelewa kulielewa: jina la televisheni ni la sikio. Msomaji akichanganyikiwa hurudi ukurasa wa nyuma. Mtazamaji yuko jikoni, anasikia nusu, na mwigizaji ananong'ona huku mvua ikinyesha. Ndiyo maana Game of Thrones ilipotoka kwenye riwaya kwenda kwenye skrini, Asha Greyjoy akageuzwa Yara, kwa kuwa palikuwa tayari na mwanamke aitwaye Osha. Mtoto Robert Arryn naye akawa Robin, asigongane na mfalme Robert Baratheon.

Kanuni inayofundishwa ni kwamba wahusika wakuu wasianze na herufi moja. Ni kanuni nzuri kwa karatasi, na inasaidia sana mswada unaposomwa kwa haraka, ila kwa sikio ni dhaifu. Friends ina Rachel na Ross. Seinfeld ina Jerry na George, yenye sauti ileile mwanzoni ingawa herufi ni tofauti. Hakuna aliyewahi kuwachanganya. Kinachotenganisha majina ni irabu yenye mkazo na idadi ya silabi: Ross ni silabi moja, Rachel ni mbili na irabu yake ni nyingine. Dan na Sam, ambao herufi zao hazifanani, wanagongana vibaya zaidi. Jaribio lake halina gharama: washa redio, mpe mwenzako mgongo, soma majina yote ya wahusika kwa sauti ya kawaida, na jozi yoyote atakayouliza mara mbili, badilisha mmojawapo. Kisha yapige kelele, kwa sababu ipo siku mtu atamwita mwingine kutoka ng'ambo ya barabara. Jina linaloishia na irabu hubeba mbali, linaloishia na t au k hukatika.

Muhimu kuliko jina la kwenye kitambulisho ni jinsi mtu anavyoitwa na kila mmoja. Andaa jedwali dogo: wahusika wakuu upande mmoja, wanaomwita upande mwingine, na katika kila kisanduku andika neno litakalotoka mdomoni. Walter White ni Walt kwa mkewe. Kwa Jesse, kijana aliyewahi kumfundisha, anabaki kuwa Bwana White hata baada ya kuua watu pamoja, na heshima hiyo ya darasani inayokataa kufa ni sehemu ya msiba wao. Bila jedwali, waandishi sita wa sehemu sita watamwita mtu mmoja kwa namna nne, na mwigizaji ndiye atakayekuja kulalamika.

Kutotoa jina kabisa nako ni uamuzi. Mwanamke mkuu wa Fleabag hatajwi. Mpelelezi Columbo jina lake la kwanza halikuwahi kusemwa, ingawa kwenye kitambulisho chake linasomeka Frank. (Mtunzi mmoja wa kitabu cha maarifa madogomadogo alitega kwa kuandika kuwa anaitwa Philip, ili awakamate watakaonakili. Waliotengeneza mchezo wa Trivial Pursuit walinasa, akawashtaki, akashindwa.) Ukimya wa jina hufanya kazi pale mhusika anapokuwa kwenye skrini karibu muda wote. Kwa mhusika mdogo haumaanishi kitu, na mara nyingi ni afadhali: polisi wa mlangoni akipewa jina kamili, mtazamaji humsubiri arudi.

Halafu kuna wanasheria, ambao pengine huua majina mazuri mengi kuliko watayarishaji. Mwaka 1908 gazeti moja la Uingereza lilichapisha kichekesho juu ya Artemus Jones wa kubuni, akijistarehesha Dieppe na mwanamke asiye mkewe. Akajitokeza wakili wa kweli mwenye jina hilo, akashinda pauni 1,750, na mwaka 1909 Baraza la Malodi, wakati ule mahakama ya juu kabisa, likaithibitisha hukumu ingawa waandishi walidai hawakumkusudia. Kubadili jina nako hakukuokoi ukiacha mengine yote. Filamu ya studio ya MGM ya mwaka 1932 juu ya Rasputin ilimwita binti wa kifalme Natasha, lakini Irina Yusupov, binti wa kifalme wa kweli wa Urusi, aliiambia mahakama ya London kwamba kila mtu alimtambua, akashinda mwaka 1934. Tangazo tunalolijua mwishoni mwa filamu, kwamba wahusika wote ni wa kubuni, lilienea baada ya kesi hiyo. Televisheni nayo imeonja. Sehemu moja ya Law & Order ya mwaka 2003 ilikuwa na wakili fisadi aitwaye Ravi Patel. Wakili wa New York mwenye jina la kwanza hilohilo na sura inayoelekeana naye alishtaki, na mwaka 2008 jaji akakataa kuitupa kesi.

Kwa hiyo kabla ya kurekodi, mswada hupelekwa kwa watafiti wanaolinganisha kila jina na watu halisi wa mahali na kazi ileile, na kampuni ya bima hutaka kuona ripoti yao. Kipimo kina utata wake: jina hupita ikiwa hakuna hata mmoja mwenye jina hilo, au ikiwa wapo wengi kiasi kwamba hakuna anayeweza kudai ni yeye. Akipatikana mmoja au wawili, limekufa. (Namba za simu zina afadhali, maana Marekani imetenga 555-0100 hadi 555-0199 kwa ajili ya hadithi. Majina hayajatengewa chochote.)

Wanaotetea ukaguzi huu wana sababu nzito. Daktari aliye peke yake mjini kwake hapaswi kuamka siku moja na kusikia ameua wagonjwa kwenye televisheni ya taifa. Lakini tazama unachoacha nyuma: majina ya kawaida mno, na majina yasiyopo duniani. Yale ya katikati, ya kweli lakini adimu, ambayo ndiyo hutufanya tuamini mtu, ndiyo yanayokatwa kwanza. Rangi ya kijivu tunayoiona katika majina ya tamthilia nyingi za polisi na hospitali haitokani na uvivu wa waandishi peke yake.

Matt Groening alipitia mlango mzuri zaidi. Familia ya The Simpsons ina majina ya wazazi na dada zake, na majirani wengi aliwachukua kutoka mitaa ya Portland alikokulia: Flanders, Lovejoy, Quimby. Mitaa ya mji mmoja ina faida ya kufanana kama majina ya jamii iliyokaa pamoja muda mrefu, na aliyeitoa ni baraza la mji, si mtu anayetaka kuonekana mwerevu.

Jina la rafiki aliye hai ni mtego. Linasaidia mwandishi kuandika kwa sababu analisikia tayari likiwa na sauti, na The Wire ilifika mbali kwa hilo: Jay Landsman ni jina la polisi halisi wa Baltimore, ambaye mwenyewe aliigiza humo kama polisi mwingine. Lakini rafiki wa mtayarishaji wa Family Matters, aliyetoa jina linalokaribiana na Urkel, aliishia kusumbuliwa kwa simu na wageni. Mtu wa ukoo wa Costanza aliyesoma na Jerry Seinfeld alidai dola milioni 100 mwaka 1998 kwa sababu ya mhusika George Costanza, na ingawa kesi ilitupwa, mawakili walilipwa. Ridhaa iwe ya maandishi, tena kabla ya sehemu ya kwanza, maana baada ya umaarufu bei ni nyingine.

Jina likikataliwa baada ya kurekodi, gharama haipo kwenye mswada. Kila mstari unarekodiwa upya kwa sauti, na kila kibandiko cha kifuani, faili na skrini ya simu inatengenezwa tena. Kwa hiyo kila jina lipelekwe kwa watafiti na mengine mawili ya akiba, yenye silabi zilezile na midomo ikifungana mahali palepale: Miller akikataliwa, Parker atakaa kwenye midomo ya mwigizaji, Hayes hatakaa. Wasipofanya hivyo hubaki na kovu. Kramer wa Seinfeld alitokana na jirani halisi wa Larry David, mmoja wa waliobuni tamthilia hiyo, na katika sehemu ya kwanza ya mwaka 1989, ruhusa ilipokuwa bado, aliitwa Kessler. Miaka minane ilipita kabla hawajalishughulikia. Katika sehemu ya mwaka 1997 inayosimuliwa kinyumenyume, Jerry anahamia jengoni, anakutana na jirani yake kwa mara ya kwanza na kumwita Kessler, kwa kuwa ndivyo kengele ya mlango ilivyoandikwa. Hapana, anajibu yule jirani, ni Kramer.